Bwana Hana Anatafutwa

Nitaeleza mambo yalivyokuwa, kwa sababu nilikuwapo na kalamu mkononi, na kwa sababu wanaoyaeleza huko vijiweni wanayaeleza kwa nia ya kuichafua serikali. Mimi sina nia hiyo. Nilikuwa karani wa kumbukumbu katika Wizara ya Nasaba na Utaratibu ya Jamhuri ya Tuvumilie, na katika miaka kumi na tisa ya utumishi sijawahi kuandika jambo ambalo sikuamriwa kuliandika, wala kufuta ambalo sikuamriwa kulifuta.

Jamhuri yetu inayo sheria moja inayotupa heshima kubwa, nayo ni Sheria ya Ubaba. Inasema kwamba kiumbe yeyote atakayezaliwa ndani ya mipaka ya nchi, awe mtu, awe mfugo, awe mnyama wa kutazamwa, hatatambuliwa mpaka baba yake atie sahihi Fomu Namba Saba. Asiye na sahihi hajazaliwa. Anaweza kula, kulia, hata kuugua surua, lakini hajazaliwa. Sheria hii ilifanikiwa kupita matarajio: katika mwaka wake wa kwanza tu, idadi ya watoto wasio na baba nchini ilishuka hadi sifuri.

Basi katika Bustani ya Wanyama ya Taifa alikuwamo kenge jike, mkubwa kiasi cha kukimbiwa na mbwa, aitwaye Bibi Balozi. Tulizawadiwa kenge huyo na nchi rafiki kabla urafiki wenyewe haujaisha. Aliishi peke yake katika banda la ukuta wa mawe kwa miaka tisa. Dume lake lilikwisha agizwa zamani, na kila mwaka Bunge lilijulishwa kwamba dume liko njiani, na kila mwaka Bunge lilipiga makofi.

Aliyemtunza ni Bi Sikujua Mkumbukwa, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mpole, mwenye kovu refu la kucha kwenye mkono wa kushoto. Alikuwa na binti mmoja, Mwanaidi, wa miaka kumi na mitatu. Mwanaidi alikuwa wa kwanza darasani, ila kwa upande wa serikali alikuwa hajazaliwa bado. Mwalimu mkuu alimwonya mama yake mapema kwamba mtihani wa darasa la saba ungefika, na kwamba msimamizi hana ruhusa ya kumpa karatasi mtu ambaye hajazaliwa. Mara nne Bi Sikujua alileta fomu ya bintiye wizarani, na mara nne ilirudishwa. Najua, maana ilipitia mezani kwangu. Jina la baba lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri kabisa; iliyokosekana ni sahihi. Jina lenyewe sikulisoma. Karani mwenye busara hasomi majina.

*

Asubuhi moja Bi Sikujua alikuta mchanga wa bandani umefukuliwa na kufukiwa tena. Akachimbua taratibu, akakuta mayai kumi na moja. Kuku wasio na jogoo hutaga pia, kwa hiyo hakushangaa sana, lakini hakuyatupa. Aliyafukia kama alivyoyakuta na kuyalinda na siafu. Mwezi wa saba baada ya hapo, yai moja likapasuka, kikatoka kichwa chenye ukubwa wa kidole gumba, kikamtolea ulimi. Kufikia jioni walikuwa wanane. Alimwambia Mwanaidi baadaye kwamba alikaa chini pale pale kwenye mchanga na kucheka peke yake, asijue anachekea nini.

Kisha akafanya alilopaswa kulifanya raia mwema. Alijaza Fomu Namba Saba nane, na mahali palipoandikwa "Jina la Baba" akaandika neno moja: Hana.

Wizara ilimjibu ndani ya siku tatu, kasi ambayo haijawahi kuonekana. Barua ilisema: "Bwana Hana anatakiwa afike mwenyewe ofisini saa mbili asubuhi, akiwa na kitambulisho na picha mbili."

Bi Sikujua aliandika kueleza kwamba Hana si mtu; maana yake ni kwamba baba hayupo. Wizara ikajibu kwamba kutokuwapo kwa Bwana Hana kumeshabainika, na kumechukuliwa kuwa ni dharau. Suala likapelekwa polisi.

Polisi wetu ni hodari. Kwa juma moja walikamata wanaume watatu wenye jina la Hanafi, na mmoja wao akaachiwa tu baada ya kuzirai alipoonyeshwa kenge. Gazeti la serikali lilichapa ukurasa wa mbele picha ya mtuhumiwa, iliyochorwa kwa kufuata maelezo ya watu ambao hawajamwona: mwanamume wa makamo, mwenye kofia, macho ya mtu asiyelipenda taifa. Chini yake waliandika kwamba Hana anatafutwa, na kwamba anayemficha ajisalimishe. Watu wa mipakani waliripoti kumwona akivuka, wengine wakiapa kwamba alivuka mara mbili.

Wakati huo huo sheria haikulala. Kiumbe asiyetambuliwa kwa siku thelathini huondolewa. Kwa watu, kuondolewa ni kufutwa katika orodha. Kwa wanyama wa bustanini ni gunia na pipa la maji. Bi Sikujua aliletewa gunia hilo siku ya kumi, likiwa na mhuri, akatakiwa kulitunza mpaka siku yenyewe. Alilikunja akaliweka juu ya kabati. Siku ya kumi na moja alikuja tena wizarani, akasimama mbele ya meza yangu, akaniuliza kama kuna mtu yeyote katika jengo hili anayeweza kuja kuwatazama wale watoto wa kenge kabla hawajauawa. Nilimwambia ajaze fomu ya maombi. Aliijaza.

*

Ndipo ikaundwa Tume ya Kumtafuta Baba. Mwenyekiti wake alikuwa Waziri wetu mwenyewe, Mheshimiwa Mwinyipembe, mtu aliyeanza maisha kama bwana mifugo wa wilaya na kupanda cheo mpaka akasahau jina la wilaya. Wajumbe walikuwa wanne, wote wanaume, maana suala lilihusu baba. Mimi nikachaguliwa kuandika.

Tume ilianza kazi kwa kuzuru eneo la tukio. Fisi wa banda la jirani alishukiwa kwa sababu ya tabia yake ya kucheka, lakini akaondolewa mashaka kwa kukosa magamba. Wafanyakazi wote wa kiume wa bustani waliandika maelezo ya walipokuwa kwa miezi kumi na miwili iliyopita. Kisha likagunduliwa tundu kwenye ukuta wa nyuma, na ukazuka ubishi kama dume la kenge laweza kupita hapo. Mjumbe mmoja, ambaye sitamtaja kwa heshima ya familia yake, alijitolea kujaribu. Aliingia mpaka kiunoni. Kikao kiliahirishwa kwa saa tatu, akaletwa fundi mwashi, na katika kumbukumbu nikaandika kwamba mjumbe aliliangalia tundu kwa kina.

Siku ya pili Tume ilimwita mtaalamu, Mwalimu Esteria Kagoro wa Chuo Kikuu, mwanamke mwenye miwani minene na subira ndogo. Alieleza mambo kwa lugha nyepesi, kama mtu aliyezoea kufundisha vichwa vigumu. Alisema wako wanyama ambao jike wao huweza kuzaa pasipo dume. Yai halipati mbegu, lakini huungana na kipande chake lenyewe, likaanza kujigawa na kukua. Jambo hilo limeonekana kwa kenge wakubwa, kwa chatu, kwa bata mzinga, hata kwa papa waliofungiwa peke yao. Vidukari wa kwenye majani ya kunde huzaa hivyo kila siku, na hakuna aliyewahi kuwaita polisi.

Kuhusu nyuki alisema kwamba dume la nyuki hutoka kwenye yai lisilopata mbegu, na kwa hiyo hana baba, lakini ana babu, kwa upande wa mama. Hapo mjumbe mmoja aliomba jambo hilo lipigiwe kura. Kura zilikuwa mbili kwa mbili, na Mwenyekiti akaamua kwamba babu akubaliwe kwa muda.

Mwalimu akaendelea kwamba kwa kenge, watoto wa namna hiyo huwa madume watupu. Jike akizaa peke yake hapati binti. Na wale wanane, alikuwa amekwisha wapima, wote walikuwa madume. Mwisho alisema kwamba kwa binadamu jambo hilo halijapata kuthibitishwa hata mara moja. Sentensi hii ya mwisho niliamriwa baadaye kuifuta. Kuhusu zile nyingine hakuna aliyeniambia kitu, nikaziacha zote. Zilitosha kujaza ukurasa wa tisa.

Mheshimiwa Mwinyipembe hakufurahi. Aliuliza kama hali hiyo inaambukiza, kwa kuwa wake wa mawaziri walizuru bustani mwezi uliopita. Mwalimu akajibu kwamba haiambukizi. Hata hivyo, kwa tahadhari, kesho yake bango lilitundikwa getini: wanawake hawaruhusiwi kumtazama kenge bila kusindikizwa na mume.

*

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya Bi Sikujua, na kwa kuwa taifa zima lilikuwa likimsubiri Hana, kikao kilitangazwa na redio moja kwa moja.

Alikuja na gauni la kijani lililopigwa pasi, kichwani kitambaa. Mwanaidi alikaa nyuma, kwenye benchi la umma. Mheshimiwa alimwuliza Bi Sikujua alimficha wapi Bwana Hana. Akajibu kwamba hajamficha mtu. Akaulizwa kama haoni haya, yeye mama mzima, kuwatetea viumbe wasio na baba mbele ya watoto wa shule wanaosikiliza redio.

"Mheshimiwa," alisema, "hawa kenge ndio pekee katika nchi hii ambao kweli hawana baba. Mama yao hamdai mtu yeyote. Sisi wengine tunao wa kuwadai. Baba wa mwanangu nimemwandika mara nne, nikarudishwa mara nne. Kama Tume inatafuta baba, isihangaike na mipaka. Alikuwa bwana mifugo wilayani kwetu, alikuwa akinywa chai kwa mama yangu, na leo amekaa kwenye hicho kiti."

Mjumbe aliyenasa tunduni alimtazama Mwenyekiti, kisha akamtazama msichana wa benchi la nyuma, kisha akainamisha uso kama mtu aliyeona kitu asichotakiwa kukiona. Redio ilikata matangazo na kupiga nyimbo za kizalendo kwa dakika arobaini. Niliamriwa kuandika kwamba shahidi alipatwa na kikohozi, nikaandika.

Jioni ile Bi Sikujua alisimamishwa kazi. Mwanaidi alimwuliza mama yake njiani kwa nini hakumwambia siku zote hizo. Mama yake akamjibu kwamba alitaka amwambie siku ambayo yule mtu angekuwa ametia sahihi, ili asisikie jina na kukanwa kwa wakati mmoja. Haya nimeyasikia kwa Bi Sikujua mwenyewe, siku aliponihadithia bila kuulizwa, akiwa amesubiri dirishani kwangu kwa muda wa saa nne.

*

Lakini taifa lilikuwa limesikia. Sokoni watu walikuwa wakiulizana habari za Bwana Hana na kujibizana kwamba amepata uwaziri. Kwa siku mbili Mheshimiwa hakuonekana. Siku ya tatu alijitokeza, uso umekunjuka, akiwa ameshika ripoti ya Tume kama mtu aliyepata tiketi ya ndege siku ya mafuriko.

Hotuba yake ilikuwa ndefu, na nina nakala. Alisema kwamba kwa muda mrefu nchi yetu imedharau sayansi, na kwamba yeye hakuwa mmoja wa wenye dharau hiyo. Tume yake imethibitisha kwamba jike aweza kuzaa peke yake. Iweje basi, katika karne hii, mwanamume asingiziwe kila mtoto anayezaliwa? Mwanamke yule wa bustanini, bila ubaya wowote, alizaa kwa uwezo wake mwenyewe, na serikali inampongeza.

Sijapata kuona wabunge wakiipenda sayansi namna ile. Sheria ya Uzazi wa Pekee ilisomwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu mchana mmoja. Ilisema kwamba kiumbe yeyote ambaye baba yake hajapatikana atahesabiwa kuwa amezaliwa na mama peke yake, kwa mujibu wa Ripoti ya Tume, kurasa zake zote. Wabunge walikumbatiana. Mmoja alilia kwa sauti na kusema kwamba amepumua kwa mara ya kwanza tangu mwaka aliofanyia kazi mkoani.

Mwalimu Esteria aliandika barua gazetini kueleza kwamba mtu si kenge. Kumjibu, Mheshimiwa aliongeza kifungu cha mwisho: yeyote atakayepinga ukurasa wowote wa Ripoti, kwa cheo chochote alichonacho, ataondolewa kazini na kufungwa miaka miwili.

Kenge wanane wakapona. Kwa kuwa walikuwa madume na hawakuhitaji tena baba, walipewa vyeti kwa sherehe, wakagawiwa mikoa minane kama ishara ya ushupavu wa kiume wa taifa. Mkoa wa kaskazini ulimpokea wa kwake kwa gwaride.

Bi Sikujua naye alikwenda ofisi ya usajili, dirisha namba nne, akiwa na Mwanaidi na fomu ya tano. Alikuwa amechoka. Alikuwa amekwisha amua kwamba hata hilo la kuzaa peke yake ataliandika, mradi mtoto afanye mtihani. Karani wa dirishani, msichana mgeni kazini, bado mwenye tabia ya kusoma, alifungua Ripoti, akapitisha kidole ukurasa wa tisa, kisha akamtazama Mwanaidi.

"Mama, huyu ni wa kike," alisema. "Walioruhusiwa kukosa baba ni wa kiume tu. Wa kike lazima awe na baba. Siwezi kukubadilishia, hii ni sheria ya Bunge."

Bi Sikujua alimwomba arudie. Akarudia. Kisha yule karani, kwa kufuata utaratibu tu, akaandika hati ya wito kwa baba aliyetajwa kwenye fomu, ambaye asipofika atatafutwa na polisi kama Bwana Hana, akaipiga mhuri na kuituma kwa tarishi hadi ofisi ya Waziri.

Nilikuwamo chumbani Mheshimiwa alipoisoma. Aliita wanasheria watatu. Wa kwanza alimshauri ashikilie kwamba msichana hana baba, yaani apinge ukurasa wa tisa, wa pili akamsomea kifungu cha mwisho, na wa tatu akaomba likizo. Nilimwonea Mheshimiwa huruma, maana sijapata kumwona mtu amefungwa kwa kamba aliyoisokota vizuri kiasi kile.

Alishuka mwenyewe dirisha namba nne. Mwanaidi alikuwa amesimama kando ya mama yake, mikono nyuma, amevaa sare ya shule. Mheshimiwa hakumtazama usoni. Alitia sahihi, halafu akaona pana mstari ambapo baba hutakiwa kuandika jina la mtoto kwa mkono wake. Kalamu ikasimama. Akaliuliza dirisha, si mtoto, jina linaandikwaje.

Mwanaidi akamtajia, herufi moja moja, polepole, kama mtu anayempa mwanafunzi imla. Alipofika mwisho akachungulia karatasi kuhakikisha hajakosea, akamshukuru, na yeye na mama yake wakatoka. Mtihani aliufanya. Alifaulu, na yuko sekondari ya bweni. Mama yake alirudishwa bustanini kwa barua isiyoeleza sababu.

*

Kwa maoni yangu sheria ingeachwa hapo ingekuwa nzuri. Lakini habari ina miguu. Kesho yake asubuhi foleni ilianzia dirisha namba nne, ikatoka nje, ikazunguka jengo. Wanawake na mabinti zao. Wenye watoto wa kiume walirudishwa, maana hao sayansi ilikwisha wapangia. Alikuwapo mama wa mapacha, msichana na mvulana. Msichana alithibitishwa kuwa na baba, mvulana akaambiwa hana, na baba mwenyewe akiwa amesimama pale pale akikuna kichwa. Tulilifikisha kwa Mwanasheria wa Serikali, ambaye mpaka leo analifikiria.

Mimi niliitazama foleni hiyo kutoka dirisha la ghorofa ya pili, kwa udadisi wa kikazi tu. Kama wa kumi na saba hivi alikuwa mwanamke ninayemfahamu kutoka Mtaa wa Mchikichini, ambako niliwahi kupanga chumba kwa muda mfupi. Alimshika mkono msichana wa miaka tisa. Ukoo wetu una masikio makubwa yaliyoelekea mbele, ambayo sijapata kuyaona kwa mtu mwingine yeyote. Asubuhi ile nikayaona.

Nilikwenda kwa mkuu wangu kuomba ruhusa ya ugonjwa. Aliniambia haiwezekani, kwa kuwa maofisa wote wa kiume wa ghorofa ya pili wamekwisha kuugua tangu saa mbili, na mtu mmoja lazima abaki.

Nikashuka ngazi. Yule mwanamke alikuwa amefika dirishani. Hakushangaa kuniona, wala hakupandisha sauti. Aliisukuma fomu mbele yangu, ikiwa imejaa isipokuwa pale pa kujazwa na baba.

"Sahihi hapo chini," aliniambia, "na uandike kwa herufi zinazosomeka."